Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Maandiko ya kusoma: Luka 10:25–37, Mithali 19:2, Mathayo 6:1–4, Matendo 1:8



Kwa wiki tatu sasa mmesikia tangazo lile lile mwisho wa ibada: safari ya misheni ya mwezi wa nane, kwenda kujitolea katika dispensari moja ya mashambani huko Karamoja, Uganda. Orodha iko kwa meza ya nyuma na majina yanazidi kuongezeka. Namshukuru Mungu kwa hilo. Kanisa letu si la matajiri. Wanaojiandikisha ni akina mama wa mitumba, makondakta, walimu, mafundi wa jua kali, vijana wa Kayole na Umoja ambao hawajawahi kuvuka mpaka wowote. Na karibu kila mmoja akishaandika jina ananivuta kando na kuniuliza: "Mzee, kwani lazima mtu awe daktari? Si Mungu anaangalia moyo?"

Hilo swali ni kubwa kuliko linavyosikika, na haliwezi kujibiwa mlangoni watu wakisukumana kutoka. Ndiyo maana nimeomba nafasi katika jarida letu wiki hii. Ukienda kumsaidia mgonjwa katika nchi ya watu, na nia yako ni safi mbele za Mungu, je, utakachomfanyia kinakuwa chema kwa sababu ya nia hiyo?

Nasema wazi tangu mwanzo: la. Moyo mzuri ndio unaokuinua kwenye kiti uanze safari. Lakini moyo mzuri peke yake hauponyi mtu, na wakati mwingine unaweza kumuumiza. Sisemi haya ili kuwavunja moyo. Nasema ili tukienda, tuende kama alivyoenda Msamaria.

Msamaria alikuwa safarini

Tunaujua mfano ule tangu Sunday School. Tunamhubiri kuhani aliyepita kando, tunamhubiri Mlawi, tunamsifu Msamaria. Lakini hebu turudi tusome polepole, maana yule Msamaria alikuwa mtu kama nyinyi mnaotaka kwenda Karamoja. Alikuwa mgeni katika nchi ya watu wengine. Alikuwa njiani. Hakuwa amepanga kukaa.

Alifanya nini? Kwanza alisogea karibu. Pili, alifunga majeraha kwa mafuta na divai, vitu ambavyo msafiri wa siku zile aliweza kuwa navyo, na matumizi yake yalijulikana na watu. Hakujaribu jambo asilolijua. Tatu, alimpandisha kwenye mnyama wake mwenyewe, maana yake yeye akatembea kwa miguu. Nne, alimfikisha kwenye nyumba ya wageni na kumtunza usiku ule. Halafu asubuhi akatoa dinari mbili. Katika Mathayo 20 tunaona dinari moja ni mshahara wa kibarua wa siku nzima. Kwa hiyo alitoa kibarua cha siku mbili, akaahidi kwamba akirudi atalipa gharama yoyote iliyozidi. Kisha akaenda zake.

Sasa angalieni mtu ambaye hatumhubiri kamwe: mwenye nyumba ya wageni. Hana jina. Hana hata neno moja alilosema. Lakini bila yeye yule majeruhi angekufa. Msamaria alikaa usiku mmoja. Mwenye nyumba ndiye aliyebaki na kidonda. Ndiye aliyebadilisha vitambaa, ndiye aliyeamka usiku kumpa maji. Na Msamaria alijua hivyo. Hakumsukuma kando. Hakufungua kliniki yake mwenyewe kwenye barabara ya Yeriko. Alimkabidhi mgonjwa kwa mtu anayebaki, akamwezesha kwa pesa, na akajifunga kurudi kuuliza habari.

Kila dispensari tunayotaka kwenda ina mwenye nyumba wake. Ni yule nesi mmoja mwenye ufunguo wa kabati la dawa na rejista yenye majina ya wagonjwa wote. Swali la kwanza la mtu wa misheni lingekuwa hili: mwenye nyumba wa mahali hapa ni nani, na anahitaji nini?

Sisi tumekaa pande zote mbili

Watu wa Eastlands hatuna kisingizio cha kutoelewa jambo hili, kwa sababu sisi wenyewe tumetembelewa. Nani hapa hajawahi kupanga foleni kwenye kambi ya matibabu ya Jumamosi? Hema jeupe kwenye uwanja wa shule, wageni wenye fulana za rangi moja, unapimwa presha, unapewa vidonge vya minyoo, mtoto anapewa peremende, na mtu unayemwona mara ya kwanza anakuinulia simu akupige picha kabla hujajua jina lake.

Sikatai, wengi walisaidika. Kuna mama aligundua presha yake iko juu kwa sababu ya hema kama hilo. Lakini tuseme ukweli. Presha haiponi kwa vidonge vya wiki mbili. Ni ugonjwa wa kumeza dawa kila siku, pengine maisha yote. Ukiambiwa Jumamosi kwamba una presha, ukapewa pakiti moja, na Jumatatu hema halipo, umeachwa na hofu na pakiti tupu. Kambi iliyo nzuri ni ile iliyokuandikia barua uende Mama Lucy au kituo cha afya cha mtaa wenu, ambako kuna faili yako na mtu wa kukuuliza mwezi ujao. Ile nyingine ilikuwa mkutano tu.

Tunayajua haya kwa ngozi zetu. Basi zamu yetu ikifika ya kuwa wageni, tusisahau tulivyojisikia tulipokuwa wenyeji.

Maziwa na biskuti

Mwaka juzi nilikuwa katika kundi dogo lililotangulia kwenda kuona mahali pale Karamoja. Tulimkuta nesi mmoja na msaidizi wake, na akina mama wengi wakingoja chini ya mti. Mmoja wao alikuwa na mtoto wa kama miaka miwili, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyepesi, uso hauna hata nguvu ya kulia. Dada mmoja katika kundi letu, machozi yakimtoka, alifungua mkoba akatoa maziwa na biskuti. Ni nani angemlaumu? Mimi ningefanya vivyo hivyo.

Nesi alimshika mkono kwa upole. Akatuambia, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, kwamba mtoto wa namna ile ukimlisha kwa wingi unaweza kumuua. Mwili wake umekaa na njaa mpaka umepunguza kazi zake zote, hata moyo umekuwa dhaifu. Chakula kingi kwa ghafla, chumvi nyingi au hata maji ya dripu yasiyopimwa vinaweza kuulemea moyo ule. Anatakiwa aanze na maziwa maalumu yanayoitwa F-75, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, huku akipewa dawa za maambukizi na kulindwa na baridi. Akishapata hamu ya kula ndipo anaongezewa chakula chenye nguvu. Hiyo ni kazi ya wodi. Akasema mtoto apelekwe hospitali kubwa ya Moroto.

Basi kazi yetu siku ile ikawa ndogo na ya maana. Tulilipa usafiri wa mama na mtoto, na pesa ya chakula cha mama kwa siku atakazokaa wodini. Dinari mbili. Aliyefuatilia habari za mtoto baadaye ni nesi, maana sisi tulikuwa tumesharudi Nairobi kwa shughuli zetu.

Na mnajua nani aliyefaa kuliko sisi sote katika safari ile? Dada mmoja wa Kayole, muuza mboga, aliyezaliwa Lodwar. Kiturkana na Kikarimojong ni ndugu, watu wanaelewana. Alikaa na wale akina mama siku nzima akitafsiri: mtoto ameharisha tangu lini, alimeza dawa gani, mbona hukurudi kwa chanjo. Hakuwa na koti jeupe wala hakugusa sindano. Nesi alimwambia, "Wewe rudi tena."

Jambo lililotokea Jinja

Mithali 19:2 inatuonya juu ya bidii isiyo na maarifa na juu ya miguu inayokwenda mbio ikakosa njia. Sulemani hakuwa akiwasema watu waovu hapo. Alikuwa akiwasema watu wenye bidii.

Mwaka 2009, huko Jinja, Uganda, binti Mmarekani kutoka Virginia aitwaye Renee Bach, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, alianzisha shirika la Kikristo lililoitwa Serving His Children. Kazi ilianza kwa kulisha watoto wenye njaa, ikafika mahali kituo kinapokea watoto wenye utapiamlo mkali, kama yule niliyewaeleza. Yeye mwenyewe hakuwa amesomea udaktari wala uuguzi. Mwaka 2015 mamlaka ya afya ya wilaya iliamuru kituo kifungwe. Kwa hesabu za shirika lenyewe, kati ya watoto zaidi ya 900 waliopokelewa kati ya 2010 na 2015, watoto 105 walifariki. Mwaka 2019 akina mama wawili waliofiwa walikwenda mahakamani, wakisaidiwa na wanasheria wa Women's Probono Initiative. Bach alikana kwamba alijifanya daktari, akasema alifanya kazi pamoja na wahudumu wa afya wa Uganda. Mwaka 2020 kesi iliisha kwa mapatano bila yeye kukiri kosa, na kila mama akalipwa takriban dola 9,500.

Siandiki haya ili tuokote mawe. Watoto wengi waliofika pale walikuwa wagonjwa sana, na watoto wa namna hiyo hufa hata katika hospitali nzuri. Mungu ndiye anayejua hesabu. Lakini wapendwa, hakuna anayeweza kusema pale palikosekana upendo, wala maombi, wala bidii. Watu waliacha makwao kwa ajili ya watoto maskini. Na bado mama wawili walisimama mbele ya hakimu wakiuliza nani alimshika mtoto wangu, na kwa ruhusa ya nani. Swali hilo halijibiwi kwa kusema "nilikuwa na moyo."

Wageni walioacha wenyeji imara

Uganda hiyo hiyo ina hadithi nyingine. Karibu na Gulu kuna hospitali ya Lacor. Ni ya Wakatoliki, si dhehebu letu, lakini tendo jema ni tendo jema. Mwaka 1961 alifika pale daktari wa upasuaji kutoka Kanada, Lucille Teasdale, akija kumsaidia daktari Mwitaliano, Piero Corti. Alikuja akidhani atakaa miezi michache. Waliooana mwaka huo huo, na Lacor ikawa nyumba yao ya maisha yote, kupitia utawala wa Amin na vita vilivyofuata. Akiwapasua majeruhi wa vita, Lucille aliambukizwa virusi vya UKIMWI. Aliendelea kufanya kazi kwa miaka kadhaa, akafariki mwaka 1996.

Tazameni walichoacha. Hawakuacha tu majengo. Walifundisha Waganda. Mwaka 2000 Ebola ilipoingia Gulu, aliyesimama mbele hakuwa mgeni. Alikuwa Dkt. Matthew Lukwiya, mwana wa kaskazini ya Uganda, aliyeanzia hapo hapo Lacor kama daktari mwanafunzi na kufika kuwa msimamizi. Yeye na wauguzi wake waliwatunza wagonjwa ambao wengine waliwakimbia, na wauguzi kadhaa wakafa. Naye aliambukizwa, akafariki tarehe 5 Desemba 2000. Alizikwa Lacor, karibu na kaburi la Lucille.

Huyo ndiye Msamaria na mwenye nyumba ya wageni wakilala pamoja. Mgeni alikuja akiwa na ujuzi, akakaa chini ya mzigo, akakabidhi ufunguo. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kipimo cha ujio wa mgeni si furaha aliyorudi nayo kwao. Kipimo ni kama mwenyeji amepona.

Lakini Roho hutenda!

Najua kuna mpendwa hapa anayesoma akitikisa kichwa. "Mzee, unaongea kama mtu wa serikali. Petro alikuwa mvuvi. Roho Mtakatifu haulizi cheti."

Amina, na ni kweli. Kumwombea mgonjwa hakuhitaji leseni ya mtu. Yakobo 5 inatuagiza tuwaombee wagonjwa, na mimi nimeona Mungu akiponya. Kumshika mkono anayekufa, kumwosha mzee, kuchota maji, kufagia wodi, kumbebea mama mtoto wakati anaingia choo: hayo nayo hayahitaji cheti. Lakini sindano ni jambo lingine. Dozi ya mtoto ni jambo lingine. Petro mvuvi aliponya kwa jina la Yesu. Hatusomi popote kwamba alichukua kisu akapasua. Na katika kundi la Paulo alikuwepo Luka, ambaye Wakolosai 4:14 inamtaja kwa kazi yake: tabibu. Roho aliyempaka Petro ndiye aliyemtumia Luka na masomo yake. Kutii maarifa si kukosa imani. Ni unyenyekevu.

Mwingine atasema: "Huko hakuna daktari. Si afadhali mimi kuliko hakuna mtu?" Hapa ndipo swali linabana kweli, nami sitalikwepa. Kama nyumba inaungua na wewe ndiwe uliye karibu, ingia. Mtu akivuja damu barabarani, bana kidonda kwa leso yako. Hayo ni mafuta na divai. Lakini safari ya misheni si ajali ya barabarani. Tunaipanga miezi sita, tuna muda wa kuuliza na kutafuta aliyesomea.

Ninacho kipimo kimoja ambacho sijaona kikikosea. Jiulize: hili ninalotaka kufanya kule, je, wangeniruhusu kulifanya pale Mama Lucy? Kama mlinzi wa lango angekutoa mbio ukijaribu kumdunga mgonjwa sindano Nairobi, ni nini kilichobadilika ulipovuka Malaba? Mwili wa mtoto ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba mama yake ni maskini zaidi, yuko mbali zaidi, na hana wa kumlalamikia. Wapendwa, umaskini wa mtu si ruhusa ya kujifunzia juu yake. Bwana alisema tuwatendee wengine kama tunavyotaka kutendewa. Basi tuwatibu watoto wa watu kama tunavyotaka wa kwetu watibiwe.

Basi tufanye nini?

Twende. Sijafuta jina la mtu kwenye orodha. Lakini tuende hivi.

Tumwulize mwenye nyumba kabla ya kufunga mizigo. Nesi wa kule ameshatuandikia anachohitaji, na juu kabisa hakuandika dawa. Aliandika tenki la maji, taa ya sola ya chumba cha kuzalia, na mtu wa kutafsiri. Fundi bomba wa Dandora, mafuta na divai yako ni bomba. Fundi umeme, wewe ni waya.

Wenye taaluma ya afya katika kanisa hili, nyinyi mna jukumu zito zaidi. Cheti cha Kenya ni cha Kenya. Uganda ina mabaraza yake ya madaktari na ya wauguzi, na ruhusa inaombwa mapema. Tusiite huo usumbufu. Ni heshima kwa nyumba ya wenyewe.

Tuache simu mfukoni. Mathayo 6 inawasema waliopiga tarumbeta wakitoa sadaka. Tarumbeta ya siku hizi ina kamera. Mtoto mgonjwa hawezi kukubali wala kukataa picha, na mama yake akikubali, pengine ni kwa sababu anaogopa kukosa msaada.

Tuhesabu gharama kwa uaminifu. Tuseme watu 20 wakitoa shilingi 15,000 kila mmoja, hizo ni shilingi 300,000 za nauli, malazi na chakula chetu. Kila anayekwenda ajiulize kama yeye mwenyewe anastahili nauli yake, au kama ingefaa zaidi ifike bila yeye. Wengine watajibu kwa kweli kwamba waende. Wengine watabaki na kutuma. Wote wawili ni Msamaria: mmoja alimbeba, mwingine alilipa, na katika mfano ule alikuwa mtu mmoja.

Na turudi. Msamaria aliahidi kurudi. Kamati imekubaliana kwamba hatutaenda dispensari mpya kila mwaka ili tupate hadithi mpya. Tutaenda pale pale. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tuombe jembe siku ya kwanza.

Mwisho, Matendo 1:8 inaanza na Yerusalemu kabla ya kufika miisho ya dunia. Tangu Septemba 2023 nchi yetu ina wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, na kila mmoja anatembelea takriban nyumba 100. Mmoja wao anapita kwenye ploti yenu na begi lake, anapanda ngazi mpaka orofa ya tano, anagonga milango ambayo haifunguliwi. Je, unamjua jina? Anayetaka kwenda Karamoja mwezi wa nane, atembee naye Jumamosi mbili kabla ya hapo. Ambebee begi. Anyamaze, asikilize. Huko ndiko tutajua ni nani anapenda wagonjwa na ni nani anapenda safari.

Tuombe

Bwana Yesu, wewe ndiwe uliyetukuta tumelala kando ya njia. Tupe huruma ya kusimama, na tupe pia akili ya kujua tusichokijua. Wabariki wauguzi wote walio peke yao usiku huu katika dispensari za mbali. Tukifika kwao, wasituone mzigo. Tukiondoka, wabaki na nguvu kuliko tulivyowakuta. Amina.

Mbarikiwe. Orodha bado iko kwa meza ya nyuma.